Abiria Aliyekuwa Angani

Kwa mujibu wa kompyuta, mwanamke aliyeketi mbele ya Bi Mihuri alikuwa angani tangu saa tano na dakika ishirini asubuhi, kiti 14C, katika safari ya saa saba. Kwa mujibu wa macho, alikuwa katika chumba namba tatu cha polisi wa uwanja wa ndege, mguu wa kulia umefungwa plasta na kupumzishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na alikuwa na njaa.

Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza, viti vitatu, simu, saa ya ukutani, na mlango ambao ukishajifunga haufunguki kwa ndani bila kadi ya polisi. Saa ya ukutani ilisema saba na robo mchana.

Bi Mihuri alikuwa na jina lingine kwenye kitambulisho, lakini hakuna aliyelitumia. Miaka ishirini na miwili ya kusoma mihuri ya pasipoti, ya kweli na ya kughushi, ilitosha kumpa jina hilo la utani na kumzoesha nalo. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake. Akipewa karatasi, kwanza anatafuta saa iliyopigwa juu yake, ndipo anasoma maneno. Karatasi isiyo na saa alikuwa anamrudishia mwenyewe.

"Hili halina upelelezi, Inspekta," alisema Msimamizi. Alikuwa mkuu wa zamu wa shirika la ndege, upande wa abiria wanaounganisha safari, mtu wa makamo, shati jeupe limenyooka, sauti ya kutuliza waliochelewa. Alisimama ameegemea ukuta. "Kadi yake ya kupandia imesomwa langoni. Mfumo unasema amepanda. Sasa kuna mtu amekaa kwenye kiti chake, na yeye yuko hapa bila pasipoti. Amempa mtu karatasi zake. Mchezo huu tumeuona mara ngapi?"

"Mara nyingi," alikubali Bi Mihuri.

"Basi. Namrudisha alikotoka na ndege ya saa kumi. Nafasi nimeshamwekea." Akaweka karatasi mezani.

Bi Mihuri akaitazama kona ya juu. Nafasi ilikuwa imekatwa saa sita na dakika tano. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye faili.

"Mnanisema kama sipo," alisema mwanamke.

"Kwa kompyuta hupo, dada," alisema Msimamizi kwa upole wa kazini. "Ndiyo shida yenyewe."

"Naomba nipige simu basi."

"Abiria aliyezuiwa hapigi simu ya nje mpaka shirika limalize taratibu zake."

"Na leo kuna ndege nyingine ya kwenda huko anakokwenda?" aliuliza Bi Mihuri.

"Ipo, saa tisa na nusu. Lango linafungwa saa tisa na dakika kumi. Lakini nitampandishaje mtu aliyekwishaondoka?" Akatabasamu kidogo, akatazama saa yake, akasema anahitajika dawatini. Bi Mihuri akamfungulia mlango kwa kadi. Mwenye haraka hazuiliwi, na pia alitaka kumsikiliza mwanamke huyu peke yake.

*

Kwao wote walimwita Fundi, wateja na majirani, na hata watoto wa dada yake walimjua hivyo. Alishona nguo za kike katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Wiki iliyopita aliteleza ngazini akavunjika kifundo cha mguu, na daktari akamwambia asisafiri.

"Mbona ulisafiri?"

Fundi akatoa barua mkobani. Ilikuwa ya mahakama, na mihuri yake miwili ilikuwa ya kweli. Bi Mihuri alijiridhisha na hilo kabla ya kusoma.

"Dada yangu alifariki miezi mitatu iliyopita, huko huko ugenini. Kaacha wawili. Wa kike ana miaka tisa, wa kiume mitano. Wako kwenye makao ya jiji. Kesho saa tatu asubuhi hakimu anaamua. Nikiwepo, nawachukua. Nisipokuwepo, kila mmoja anapewa familia yake, na walishaniambia familia zenyewe haziko mji mmoja." Alisema yote hayo bila kulia, kama mtu anayesoma vipimo. Kisha akasema, "Mimi ndiye mama yao mdogo. Hawana mwingine."

Bi Mihuri alimsikitikia, na alipenda kujua mapema anapoanza kumsikitikia mtu, maana huko ndiko alikowahi kudanganywa. Akaanza kupekua mkoba. Futi ya kupimia, dawa za maumivu, mkate mkavu wa ndegeni, gauni dogo na kaptula ndogo vilivyokunjwa kwa uangalifu.

"Nimewakadiria," alisema Fundi. "Sijawaona mwaka wa pili huu."

Chini kabisa kulikuwa na kasha gumu la miwani. Bi Mihuri akalifungua, akaijaribu miwani yenyewe, na chumba kizima kikawa ukungu. Hii ilikuwa miwani ya mtu ambaye bila hiyo haoni mkono wake.

"Wewe huvai miwani."

"Si yangu. Niliiokota kwenye benchi nikadhani mwenyewe atarudi."

"Mtu aliyetaka kufanana na mwenzake angehitaji miwani," alisema Bi Mihuri, akimtazama.

"Mama, hiyo ukiivaa utafanana na aliyeanguka. Nieleze au nisieleze?"

"Eleza. Tangu uliposhuka."

Alishuka saa moja asubuhi. Msukuma viti mchekeshaji, wanayemwita Breki, alimpokea na kiti cha magurudumu chenye kiegemeo cha kuinulia mguu. Akachukua pasipoti yake na kadi yake ya kupandia, akazitumbukiza katika mfuko wa nyuma ya kiti, kama wanavyofanya kwa abiria wote, akampeleka chumba cha kusubiria cha watu wa viti. Kulikuwa na baridi ya kiyoyozi. Kila aliyekuwemo alipewa blanketi la bluu na wengi walijifunika mpaka kichwani.

"Saa nne na nusu nikaomba kwenda chooni. Mlango wa choo ni mwembamba, kiti hakipiti. Mama wa usafi akanishika mkono, nikaenda kwa kurukaruka. Kiti nikakiacha."

"Na karatasi zikiwa mfukoni mwake."

"Nilikuwa naenda chooni, mama. Nani anakwenda chooni na pasipoti?" Akavuta pumzi. "Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi kiti hakipo. Nikasema Breki amekichukua kumbebea mwingine, atarudi. Nikakaa kwenye benchi. Miwani ilikuwa hapo."

"Nani alikuwa kwenye benchi kabla yako?"

"Bibi mmoja. Mtu mzima sana, hasikii vizuri. Nilimsalimia mara tatu ndiyo akanipokea." Sasa Fundi akawa mtu mwingine, mtu wa kazini. "Gauni lake ni la kushonwa kwa mkono, kahawia, pindo limeshushwa mara mbili. Vifungo viwili vya juu havifanani, kimoja cha mfupa kimoja cha plastiki. Na shingoni ana uzi mnene umeingia ndani ya gauni. Hapo kuna kijimfuko. Nimewashonea wazee wengi mifuko ya hivyo. Hawakupi karatasi zao hata ukiwa mkwe."

"Ukaendelea kukaa."

"Kila niliyemuuliza aliniambia msubiri aliyekuleta. Ningetembea na nini? Nikakaa. Saa sita kasoro hivi mwanaume mmoja akachungulia mlangoni. Akaniangalia, akaangalia mguu wangu. Nikamwita. Akageuka akaondoka upesi."

"Sura yake?"

"Alisimama gizani kwenye korido, sura sikuishika. Nilimwona mgongo. Shati jeupe. Bega la kushoto limerudiwa mshono, na aliyerudia ametumia uzi wa krimu. Nilijisemea, mtu nadhifu hivi anaharibiwa na uzi."

Bi Mihuri akaandika neno moja tu kwenye daftari: krimu.

"Askari walionileta huku walinikuta saa saba kasorobo," alimalizia Fundi. "Kabla ya hapo hakuna aliyejua kama nipo duniani."

*

Breki alifika akiwa amevua kofia. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuwa nazo: alisukuma viti miaka kumi na tisa na bado alipita korido kama anakimbizwa. Leo alisimama mlangoni, na alipomwona Fundi mdomo ulibaki wazi.

"Mama. Si nilikupandisha wewe?"

"Ndicho tunachouliza," alisema Bi Mihuri. "Keti. Ulimpandisha nani?"

"Kiti thelathini na moja. Lango ishirini na mbili. Nilirudi chumbani saa tano kasorobo nikakikuta na mtu wake, blanketi, tayari. Nikakamata mishikio nikaondoka."

"Ulimtazama usoni?"

Breki akamtazama Bi Mihuri kwa mshangao wa kweli. "Usoni kwa vipi? Mimi nasukuma. Mtu anayesukuma anaona kisogo. Asubuhi namwona mtu uso dakika moja, halafu kutwa nzima ni kisogo. Namjua kwa namba ya kiti, na lango nimeliandika kwenye utepe hapa kwenye mshikio."

Ilikuwa kweli, na Bi Mihuri, aliyekuwa amepishana na wasukuma viti kwa miaka ishirini na miwili, hakuwahi kuifikiria. Ilimkera kidogo.

"Kiegemeo cha mguu. Ulipomkuta kilikuwa juu au chini?"

Breki akafumba macho. "Chini," akasema polepole. "Kilikuwa chini. Nikadhani amechoka kuuinua."

"Mtu aliyevunjika kifundo akashusha mguu mwenyewe. Plasta uliiona?"

"Niliona blanketi."

"Alikwambia nini njiani?"

"Hakusema kitu. Asubuhi huyu mama alinitania njia nzima, anataka kujua nani alinipa leseni. Yule nikamwambia tunaenda, kimya. Nikamwambia tumefika, kimya. Nikasema amenuna." Akaifinyanga kofia magotini. "Nimempeleka nani, bosi?"

"Langoni nani alipokea karatasi?"

"Nilitoa mfukoni, pasipoti na kadi pamoja, nikampa aliyekuwa anapokea. Watu wa viti tunatangulia wote. Alisoma kadi, mashine ikalia, akanirudishia vyote. Nikavikabidhi kwa mhudumu mkuu mlangoni pa ndege."

"Pasipoti aliifungua?"

"Hakuna anayeifungua, bosi. Mtu wa kwenye kiti nani atamshuku?"

"Na huyo aliyepokea ni nani?"

Breki akatazama sakafu. Alikuwa na watoto wa kusomesha na shirika ndilo lililompa kazi. "Yule wa lango aliumwa leo. Walimweka mwingine ashikilie."

"Nani?"

"Msimamizi mwenyewe."

*

Kamera ya lango ilimwonyesha Breki kwa juu, akisukuma blanketi la bluu. Kamera ya chumba cha kusubiria haikuwepo. Saa nane kasoro dakika kumi Bi Mihuri alimpigia Mkuu wa Mizigo, mama wa umri wake aliyeanza naye kazi mwezi mmoja, na aliyekuwa hapendi simu ndefu.

"Mtu wangu mmoja amepanda ndege ambayo hakupanda," alisema Bi Mihuri. "Nataka mtu wako ambaye hakupanda ndege aliyopaswa kupanda. Kati ya saa tano na saa saba."

"Ndege haiondoki na begi la mtu ambaye hayumo. Ningekuwa nimelishusha." Karatasi zikasikika. "Ndiyo. Begi moja, ndege ya saa sita. Mwanamke, miaka sabini na minane, ameombewa kiti cha magurudumu. Hasikii vizuri, imeandikwa. Hakutokea langoni. Begi liko hapa miguuni kwangu limefungwa kamba ya katani."

"Amri ya kulishusha ni ya saa ngapi?"

"Saa sita kasoro dakika nane. Unataka na sahihi?"

"Nadhani naijua. Niletee karatasi, na unisomee namba ya simu iliyoandikwa kwenye begi."

Fundi alikuwa amesikiliza yote. "Yule bibi amechukuliwa badala yangu," alisema. "Alichoka na lile benchi, akaona kiti kitupu akakaa. Alijifunika. Akaja mtu akamsukuma, naye alikuwa anasubiri kusukumwa." Akaweka mkono mdomoni. "Na miwani yake ninayo mimi."

"Hilo ni wazo," alisema Bi Mihuri. "Sasa tulifanye liwe karatasi."

Ujumbe wa kwenda kwa rubani ulipitia chumba cha uongozaji, siyo dawati la Msimamizi. Bi Mihuri aliuliza maswali matatu: nani yuko 14C, vifungo vyake vikoje, na shingoni ana nini. Kisha hakukuwa na la kufanya ila kukaa. Hakuna kazi mbaya kama hiyo katika chumba kisicho na dirisha. Breki alizunguka ukuta hadi ukuta. Fundi alitoa gauni dogo, akalikunjua, akalikunja upya vilevile. Mara mbili aliuliza kutoka hapa hadi lango la saa tisa na nusu ni mwendo gani, na mara zote mbili Breki alimjibu, dakika kumi na mbili, kwangu mimi nane.

Jibu lilifika saa nane na dakika thelathini na tano. Bi Mihuri alisoma saa kwanza, kisha maneno, kwa sauti.

"14C ni mwanamke mzee, hasikii, haoni vizuri. Vifungo viwili vya juu havifanani. Shingoni ana mfuko, ndani yake pasipoti yake mwenyewe na kadi ya ndege ya saa sita ya kwenda mji mwingine. Pasipoti ya jina lililo kwenye orodha iko kwa mhudumu mkuu. Bibi anauliza kama mwanawe amepigiwa simu kwamba atachelewa."

Aliyeiba nafasi ya mwenzake habebi pasipoti yake mwenyewe shingoni.

"Breki," alisema Bi Mihuri, "tafuta kiti chenye kiegemeo. Usiende mbali."

*

Msimamizi aliitwa akaja. Safari hii Bi Mihuri alimpokea koridoni, akampisha atangulie kuingia, na akamtazama bega la kushoto. Uzi ulikuwa wa krimu.

Saa ilikuwa tisa kasoro dakika kumi.

"Nitafupisha," alisema Bi Mihuri, "kwa sababu hatuna muda. Asubuhi ulikuwa lango ishirini na mbili. Bibi wa watu alipita mbele yako na pasipoti ya mtu mwingine, nawe hukuifungua."

"Abiria mia mbili na sitini, Inspekta. Nusu saa. Peke yangu."

"Hilo naliita kosa, na mimi nimeshafanya makubwa kuliko hilo. Saa sita kasoro, bibi hakutokea kwenye ndege yake. Ukaenda mwenyewe chumba cha viti kumtafuta. Ukachungulia. Hukumkuta bibi. Ulimkuta huyu, na plasta, na kwenye orodha ya lango lako 14C ndiye aliyeandikiwa mguu umevunjika. Ukaelewa palepale. Akakuita ukaondoka."

"Hakuna aliyeniona."

"Mimi nilikuona," alisema Fundi. "Mgongo."

Bi Mihuri akakunjua ile karatasi ya nafasi ya kurudi. "Aliletwa kwangu saa saba kasorobo. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kama yupo. Wewe ulimkatia nafasi ya kurudi saa sita na dakika tano. Ulitaka aondoke akiwa mhalifu kabla ndege ya bibi haijatua. Bibi angefika bila viza, hasikii, haoni, naye angeitwa mhalifu wa pili. Lango lako lingebaki safi."

Msimamizi alikaa. Ile sauti ya kutuliza watu ilikuwa imemwisha. "Shirika linatozwa faini kwa kila abiria wa namna hii, na aliyekuwa langoni anafukuzwa. Nimebakiza miezi minane nistaafu." Akajifuta uso, kisha akanyanyua kichwa, na Bi Mihuri akaona kwamba bado anafikiri. "Fungua jalada, basi. Nitaeleza. Lakini unajua sheria kunishinda. Ukifungua jalada leo, huyu ni shahidi, na shahidi asiye na makazi anabaki mikononi mwenu mpaka atoe maelezo kwa hakimu. Siku nne. Tano."

Fundi akamgeukia Bi Mihuri. Kesho saa tatu asubuhi ilikuwa imeandikwa kwenye uso wake.

Msimamizi alikuwa sahihi. Bi Mihuri alijua kifungu chenyewe na namba yake. Alikuwa amekitumia mwenyewe, na kuna watu waliowahi kulala wiki nzima kwenye viti vya jengo hili kwa sababu yake. Alimchukia mtu huyu kwa dakika nzima ya saa ya ukutani, na dakika zenyewe zilikuwa chache.

"Mpaka lile lango lifungwe," alisema mwishowe, "mimi sina jalada. Sina kesi wala shahidi. Nina abiria amebaki, na pasipoti yake iko mbele yake kwa saa nne. Ninachohitaji ni barua ya shirika kwamba alibaki kwa kosa lisilo lake, asafiri, akabidhiwe pasipoti akifika. Mwenye mamlaka ya kuiandika ni wewe."

Msimamizi akamtazama kwa muda, akitafuta mtego. Aliuona mlango wazi, akaupita. Aliandika kwa mkono, haraka, hati nzuri. Abiria tajwa hakupanda ndege ya saa tano na dakika ishirini. Nafasi yake ilikaliwa na abiria mwingine kwa kosa la watumishi wa lango. Aruhusiwe kuendelea na safari.

"Saa," alisema Bi Mihuri.

Akaandika na saa. Tisa kasoro dakika mbili. Akatia sahihi, akapigia dawati lake simu kadi mpya ipelekwe langoni.

"Nisubiri hapa tumalizie karatasi zilizobaki."

*

Breki alikuwa koridoni na kiti. Fundi alipoketi na mguu kuinuliwa, hakuikamata mishikio. Alizunguka mbele, akachuchumaa kwa goti lililolia, akamtazama usoni.

"Jina lako kamili, mama."

Fundi akamtajia.

"Unakwenda wapi?"

Akamtajia. Breki akaitikia kwa kichwa, akarudi nyuma, na wakaondoka kwa mwendo uliomfanya Bi Mihuri, na umri wake, akimbie. Walipita maduka, wakapita watu waliolala juu ya mabegi, wakapita ubao wa safari ambapo jina la ule mji lilikuwa linawaka jekundu.

Lango lilikuwa na binti mmoja na mashine. Saa ilikuwa tisa na dakika nane. Alichukua kadi mpya na nakala ya barua iliyopigwa muhuri wa polisi, akanyoosha mkono kuipitisha kadi kwenye mashine. Bi Mihuri akaufunika ule mkono kwa wake.

"Mtazame kwanza, mwanangu."

Binti akamtazama Bi Mihuri, kisha akamtazama Fundi, macho, pua, kovu dogo la kidevuni, kwa muda uliomfanya Fundi acheke kwa mara ya kwanza siku hiyo, huku machozi yakimtoka. Mashine ikalia.

"Bibi atakuwa kwenye chumba kama kile chetu," alisema Bi Mihuri. "Nimewaandikia wenzangu wa huko wakupitishe kwake kabla hujatoka. Mpe miwani yake, mdogo wangu. Umwambie mwanawe anapigiwa simu."

"Na akiniuliza ilikuwaje?"

"Mwambie kwa sauti kubwa."

*

Msimamizi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Fundi. Ile ndoo bado ilikuwa mbele yake imepinduliwa. Bi Mihuri aliingia, mlango ukajifunga nyuma yake kwa mlio mdogo, na kadi yake akaitia mfukoni.

"Amepanda?"

"Amepanda. Nimemwona mwenyewe."

"Basi tumemaliza. Huna shahidi."

"Sina." Akapanga karatasi nne mezani, moja moja, zote zikimtazama yeye. Orodha ya lango, yenye sahihi yake, ikisema kwamba Fundi alipanda. Nafasi ya kurudi, saa sita na dakika tano. Amri ya kushusha begi la bibi. Na barua ya dakika ishirini zilizopita, kwa hati yake nzuri, ikisema kwamba Fundi hakupanda.

"Hizi zote ni zako," alisema. "Moja imedanganya. Utaniambia ipi."

Msimamizi alisoma barua yake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye sahihi aliirudia. Kisha akatazama mlango, na pembeni mwa mlango mahali ambapo kingekuwepo kitasa.

"Naomba nipige simu nyumbani," alisema.

"Utapiga." Bi Mihuri akamsogezea simu, na kando yake akaweka karatasi ndogo iliyotoka kwenye begi la kamba ya katani. "Lakini anza na hii. Ni mwanawe yule bibi. Yuko uwanjani huko tangu saa nane na hajui mama yake yuko wapi."

Msimamizi akanyanyua simu. Akabonyeza namba zote, na upande wa pili ukapokelewa kwa haraka, sauti ya mwanaume ikiuliza mara mbili nani anaongea, na yeye akabaki ameishika sikioni, akitafuta aanze na neno gani.